Mwisho Uliokataliwa: Kisa cha Kamanda Shepard

Wapo wanaosema mashabiki wa Mass Effect walikasirika mwaka 2012 kwa sababu shujaa wao alikufa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokasirika, na nasema hapana. Shepard wangu alikuwa tayari kufa tangu mchezo wa pili. Tulichonyimwa ni hesabu. Tulichagua na kupoteza na kuokoa kwa miaka mitano, kisha siku ya kufunga daftari hakuna aliyesoma tulichokuwa tumeandika ndani yake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nianzie ulikoanzia. BioWare ni studio ya Edmonton, Kanada, iliyoundwa mwaka 1995 na madaktari watatu wa tiba: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Ilijulikana kwa michezo ambayo mchezaji huzungumza na wahusika, huamua la kufanya, na uamuzi wake hugeuza hadithi. Novemba 2007 ilitoa Mass Effect chini ya uongozi wa Casey Hudson, mwandishi mkuu akiwa Drew Karpyshyn. Mchezo wa pili ulitoka Januari 2010, wa tatu Machi 2012.

Hadithi yenyewe inatokea katika karne ya 22. Binadamu wamejiunga na jamii nyingine za galaksi, wote wakisafiri kwa malango makubwa yanayodhaniwa kuwa yaliachwa angani na watu waliotoweka zamani. Kumbe malango yale ni mtego. Kila baada ya miaka 50,000 mashine ziitwazo Reapers hutoka kwenye giza la nje ya galaksi, zikavuna kila jamii iliyostaarabika, kisha zikarudi kungojea mavuno mengine. Kamanda Shepard ndiye anayeligundua hilo, na miaka mitatu anahangaika kuwashawishi wakubwa wamsadiki.

Kilichoutofautisha mfululizo huu ni faili la mchezo. Ukimaliza mchezo wa kwanza, faili lako linaingia katika wa pili, kisha katika wa tatu, likibeba matendo yako yote. Mimi na kaka yangu tulicheza Mombasa kwa Xbox 360 moja iliyokwishatumika, kila mmoja na Shepard wake. Wangu alikuwa mwanamke, wake mwanamume. Katika sayari ya Virmire, Wrex, mpiganaji wa kabila la krogan, alimwelekezea kaka yangu bunduki, na kaka akamwacha auawe. Mimi nilimtuliza kwa maneno. Tulipofika mchezo wa tatu, krogan wangu waliongozwa na Wrex, mzee mwenye hasira aliyekwisha kuchoka na vita. Wa kaka waliongozwa na Wreav, ndugu yake Wrex, mtu wa kisasi tupu. Sote wawili tuliulizwa swali lilelile: je, krogan waponywe ule ugonjwa uliotegeshewa kizazi chao ili wasizaane? Kwangu jibu lilikuwa jepesi. Kaka yangu alikaa na padi mkononi bila kubonyeza chochote, na siku kadhaa baadaye tulikuwa bado tunabishana. Hadithi moja ilikuwa imezaa hadithi mbili ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuitetea yake.

Mchezo wa pili ulionyesha jinsi hesabu inavyoweza kulipwa. Mwishoni Shepard anaongoza kikosi kwenda ngome ya maadui, safari ambayo wote wanaamini haina kurudi. Hapo unapanga watu: nani apite kwenye mabomba kufungua milango, nani aongoze kikosi cha pili, nani awakinge wenzake dhidi ya kundi la wadudu. Ukimteua asiyefaa, mtu anakufa. Kama hukuwahi kumsaidia mwenzako katika jambo linalomsumbua moyoni, anaweza kufa kwa kukosa utulivu. Kama hukuimarisha meli, watu wanakufa kabla hata hamjatua. Inawezekana wote wakarudi salama, na inawezekana Shepard mwenyewe akafa. Kila kifo kina sababu, na sababu hiyo unaijua kwa sababu uliitenda.

Mchezo wa tatu, ambao mwandishi wake mkuu alikuwa Mac Walters, unaendelea hivyo kwa sehemu yake kubwa, na nasema bila kusita kwamba baadhi ya sehemu hizo ni bora kuliko filamu nyingi nilizoziona. Huko Tuchanka, mwanasayansi Mordin Solus anapanda mnara unaobomoka ili kutawanya dawa ya kuwaponya krogan, anafia huko juu, na amani aliyoileta inabaki. Huko Rannoch, waquarian wanapigana na wageth, mashine walizoziunda wao wenyewe na kisha kuziogopa. Ukiwa uliwaokoa na kuwasikiliza wenzako Tali, mquarian, na Legion, mgeth, katika mchezo uliotangulia, unaweza kuwapatanisha. Waliotengenezwa na waliowatengeneza wanaanza kujenga upya sayari moja. Nilisimama kutoka kitini siku ile.

Kisha ukaja mwisho. Shepard, amejeruhiwa, anafika ndani ya Citadel, kituo kikuu cha galaksi. Anakaa kando ya Admirali Anderson, aliyekuwa kama baba kwake, wote wawili wakiitazama Dunia, na Anderson anakata roho. Hadi hapo sina lawama. Lakini Shepard anainuliwa juu, na huko anakutana na kiumbe mwenye umbo la mtoto ambaye hatujawahi kuzungumza naye. Anasema Reapers ni kazi yake. Anasema viumbe hai na mashine wataangamizana daima, hivyo yeye huwavuna walioendelea kabla hawajafika huko. Anatoa njia tatu: kuziangamiza mashine zote, kuzitawala, au kuwachanganya viumbe hai na mashine wote kuwa kitu kimoja. Ukichagua, mwali unaruka: mwekundu, wa samawati au wa kijani. Malango yanalipuka, meli ya Normandy inaanguka kwenye sayari ya msitu, na mengi ya unayoyaona ni yaleyale ukichagua lolote.

Mimi nilikuwa nimetoka Rannoch. Nilikuwa na ushahidi, nilioupata kwa jasho langu, kwamba dai la mtoto yule si kweli. Mchezo haukunipa hata sentensi moja ya kumwambia hivyo. Hapo ndipo ufa ulipo, na ni wa ujenzi wa hadithi kuliko wa huzuni yake. Malkia wa rachni, jamii ya viumbe kama wadudu, niliyemwacha hai katika mchezo wa kwanza, ngome niliyoiharibu katika wa pili, watu niliowakusanya katika wa tatu, wote waligeuzwa kuwa tarakimu za nguvu za kivita. Kibaya zaidi, kabla ya mchezo kutoka, wakuu wake walikuwa wamewaahidi watu kwamba mwisho hautakuwa wa kuchagua kati ya vifungo vitatu.

Wachezaji waliitikia kwa namna ambayo tasnia hii ilikuwa haijaizoea. Kundi lililojiita Retake Mass Effect lilichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya Child's Play, shirika linalopeleka michezo kwa watoto waliolazwa hospitalini, ili kuonyesha kwamba madai yao yanatoka kwa watu wenye mapenzi. Wengine waliipelekea studio keki ndogo zipatazo 400 zenye rangi tatu juu, nyekundu, samawati na kijani, zote za ladha moja. Kabla ya mwezi huo wa Machi kwisha, Muzyka aliandika barua ya wazi akikiri kwamba malalamiko yamemfikia na kuahidi ufafanuzi.

Ufafanuzi ulitoka tarehe 26 Juni 2012, bure, kwa jina la Extended Cut. Sasa malango yalionekana yameharibika badala ya kuangamia kabisa. Tulielezwa wenzetu walivyorudi kwenye meli. Picha zikifuatana na sauti ya msimulizi zilituonyesha yaliyowapata krogan na waquarian. Njia ya nne iliongezwa: kukataa. Ukikataa, Reapers wanashinda, na kizazi kinachofuata kinawashinda kwa kutumia maarifa aliyoyaficha Liara, mwanasayansi mwenzake Shepard. Nashukuru kazi ile. Hata hivyo ilipanga upya vyombo vya chumba na kuuacha mlango wa kuingilia palepale. Mtoto yule bado alisema neno la mwisho kuhusu jambo tulilokwisha kulithibitisha kinyume.

Kwa hiyo watu walianza kutengeneza wenyewe. Kulikuwa na nadharia kwamba dakika zile za mwisho ni ndoto, kwamba Reapers wanaiteka akili ya Shepard, na kuchagua kuwaangamiza ni kuamka. Ilikuwa nadharia ya ustadi, iliyokusanya ushahidi kuanzia kivuli cha mti hadi mwangwi wa sauti. Walikuwepo pia wabunifu wa programu waliotoa modi, yaani badiliko lisilo rasmi la mchezo, iliyoondoa kabisa mazungumzo na mtoto yule na kumrudisha Shepard kwa wenzake. Wengine walishika uzi uliolegea wa mchezo wa pili, ambapo Tali anachunguza jua linalozeeka haraka kupita kiasi. Karpyshyn alieleza baadaye kwamba waandishi waliwahi kulifikiria wazo la nishati ya giza inayoihatarisha galaksi nzima, na Reapers wakivuna ili kutafuta dawa yake. Wazo hilo liliachwa kabla halijakomaa.

Wanaodhani desturi hii ni ya utovu wa adabu wa vijana wa intaneti waangalie nyuma. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear ya Shakespeare, mfalme akabaki hai na Cordelia akaolewa, na toleo lake likatawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakamlilia kwa miaka, na mwaka 1903 akamrudisha. Katika michezo ya video, Fallout 3 ya mwaka 2008 ilimalizika kwa namna iliyowaudhi wengi, na nyongeza ya mwaka 2009 ikaubadili mwisho huo ili safari iendelee.

Nyumbani kwetu pwani, msimulizi akimaliza ngano huwaambia wasikilizaji kwamba ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni yake peke yake. Bibi yangu alisema hivyo kila usiku, na baada ya kusema tulikuwa huru kumwambia kwamba sungura hakustahili kushinda. Kesho yake sungura huenda akashindwa. Ndiyo maana sioni dharau katika kukataa mwisho. Aliyemkaribisha msikilizaji aitikie, tena achague, ameupokea ushirika wake. Na Mass Effect yenyewe inaufahamu ushirika huo. Baada ya mchezo kwisha anaonekana mzee akimsimulia mtoto habari za Shepard chini ya nyota, kwa sauti ya Buzz Aldrin, aliyekanyaga Mwezi mwaka 1969. Mtoto anaomba asimuliwe kisa kingine.

Basi nami nauweka mwisho wangu. Naacha Shepard na Anderson waketi pale wakiitazama Dunia, kisha namwondoa yule mtoto. Crucible, silaha inayojengwa kwa michoro ya vizazi vilivyoangamizwa, inakataa kufanya kazi, kwa sababu kila kizazi kiliongeza kipande chake na kipande chetu hakijakamilika. Shepard ana redio tu, na majina. Anapaswa kupanga watu kama alivyopanga katika mchezo wa pili. Nani ashike lango la London, ambako vita vya mwisho vinapiganwa? Wrex akiwepo, krogan wanasimama hadi mwisho. Akiwepo Wreav, wanakimbilia kisasi na ubavu mmoja unabaki wazi. Nani atatue kasoro ya Crucible? Wageth na waquarian waliopatana wanaifanya kazi hiyo bega kwa bega. Mwenye upande mmoja tu anachelewa, na kila dakika ya kuchelewa inamgharimu mtu unayemjua. Rachni waliosamehewa wanaziba ufa ambao hakuna mwingine awezaye kuufikia. Aliyewapoteza wote anashindwa, na anaona kwa nini. Katika karibu njia zote Shepard anakufa. Kisha yule mzee anamtajia mtoto majina ya waliokufa katika faili lako, si la mwingine, na kile ambacho kila mmoja alikinunua kwa kifo chake.

Nimeongeza machache sana. Karibu yote yalikuwemo ndani ya michezo yenyewe, yamejengwa na mikono ileile ya Edmonton. Wenzangu wengi wameupata mwisho wao katika Citadel, nyongeza ya Machi 2013, ambamo wote waliobaki hai wanakusanyika katika nyumba ya Anderson kula, kunywa na kutaniana, na nawaelewa kabisa. Kule hesabu inasomwa walau kwa furaha: asiyeokolewa hayupo karamuni.

Mchezo uliofuata, Andromeda wa mwaka 2017, uliwapeleka watu galaksi nyingine wakiwa wameondoka kabla ya vita, na hivyo haukulazimika kugusa rangi hata moja kati ya zile tatu. Mwaka 2020 studio ilitangaza kuwa mchezo mpya unatengenezwa, na katika picha zake za kwanza Liara yumo. Galaksi ile inarudiwa, na safari hii haikwepeki kusema nini kilitokea. Ninachowaomba waandishi wake ni kimoja: wakituuliza tulichagua nini, walisome jibu letu mpaka ukurasa wa mwisho.