Karaoke na Muziki wa Pop Ufilipino
Wafilipino walipenda kuimba kabla ya mashine yoyote: kundiman, nyimbo za mapenzi za Kitagalogi, zilivuma tangu karne ya 19. Miaka ya 1970 bendi ya Hotdog iliupa umaarufu mtindo wa Manila Sound, uliochanganya Kitagalogi na Kiingereza. Mwaka 1987 Rais Corazon Aquino aliamuru vipindi vya muziki redioni vipige angalau nyimbo 4 za Kifilipino kila saa.

Karaoke, kwa kweli, ina baba zaidi ya mmoja. Daisuke Inoue wa Japani alitengeneza mashine yake mwaka 1971 bila kuisajili. Roberto del Rosario alisajili ya kwake Ufilipino miaka ya 1983 na 1986, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ikampa ushindi dhidi ya kampuni shindani.