Kangara na Majani Chai: Historia ya Kukeneka Pombe Kericho na Bomet

Katika visiwa vya Karibi, ambako miwa ililimwa kwa jasho la watumwa tangu karne ya 17, nyumba ya kukenekea ramu ilijengwa ndani ya shamba lile lile lenye kinu cha miwa, na baadhi ya nyumba hizo, kama ile ya Mount Gay huko Barbados, ambayo hati yake ya kale inayojulikana ni ya mwaka 1703, na ile ya Appleton huko Jamaika, inayohesabu umri wake tangu mwaka 1749, leo hupokea wageni wanaolipa ili waonyeshwe mapipa ya mbao na mitambo ya shaba. Nyanda za juu za Kericho na Bomet, magharibi mwa Kenya, zilipata mvua ya kutosha, mashamba makubwa ya kigeni, kambi za vibarua na, katika maeneo ya chini ya Soin, hata miwa. Lakini anayetafuta huko jengo la kale la kukenekea kileo hatalipata, ijapokuwa kileo chenyewe kimekenekwa huko kwa miongo mingi. Kukeneka ni kuchemsha kinywaji kilichokwisha kuchacha, kuukamata mvuke wake na kuupoza hadi urudi kuwa majimaji, ili kileo kitengane na maji mengi kilimokuwamo. Maelezo ya kukosekana kwa jengo hilo yamo katika sheria zaidi kuliko katika ufundi au mila.

Kabla ya karne ya 20 Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa nchi hii, walikuwa na pombe lakini hawakuwa na mtambo wa kukeneka. Pombe yao ya nafaka, inayoitwa maiyek, ilitengenezwa na wanawake kwa wimbi, na baadaye kwa mahindi pia, pamoja na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari. Wazee waliketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, na nafasi ya kuketi na zamu ya kunywa vilifuata umri na rika. Mtaalamu wa mila J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake kuhusu taasisi za kijamii za Wakipsigis kilichapishwa mwaka 1939, ni miongoni mwa walioiona jamii hiyo kabla mabadiliko hayajakamilika, na ni vigumu kuzisoma habari za sherehe na mabaraza ya kokwet, yaani ujirani wenye shughuli na maamuzi ya pamoja, bila kuona jinsi chungu kilivyokuwa karibu na kila jambo zito. Pombe hiyo ilikuwa nzito kama uji, ilichacha upesi ikaharibika, na haikuweza kufichwa wala kusafirishwa mbali. Sifa hizo tatu, ambazo mfanyabiashara angeziita kasoro, ndizo zilizoifanya iwe chini ya macho ya wazee.

Wakati huo huo serikali za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuamua mambo ya vileo vya Afrika kwa kutazama ramani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka kwa biashara ya vileo vikali katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, na mkataba mwingine uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye tarehe 10 Septemba 1919 ulikwenda mbali zaidi: ulipiga marufuku katika sehemu kubwa ya bara utengenezaji wa vinywaji vya kukenekwa, na hata uingizaji na umilikaji wa mitambo ya kazi hiyo, isipokuwa kwa matumizi machache kama ya dawa na viwanda. Wenye dola walisema walitaka kuwalinda Waafrika. Lakini mlowezi wa Kizungu aliendelea kunywa wiski yake iliyotoka ng'ambo, ikalipiwa ushuru bandarini Mombasa, na Mwafrika akazuiwa kuigusa hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kisiwa cha Morisi, kilicho mbali katika Bahari ya Hindi, kiliendelea kukeneka ramu kutokana na miwa yake, hali koloni la Kenya, ambalo lilianza kuwa na viwanda vya sukari katika tambarare za Kano katika miaka ya 1920, lilikatazwa kufanya hivyo. Mwaka 1922, kilipoanzishwa kiwanda cha bia cha Ruaraka karibu na Nairobi, kiwanda hicho kilikuwa halali kwa sababu bia huchachushwa tu, haikenekwi.

Ufundi uliokatazwa viwandani ulikuwa tayari umeingia nchini kwa miguu. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza kupitia Uganda, na ambao wazao wao huitwa Wanubi, walikuja na maarifa ya kukeneka waliyoyazoea katika bonde la Nili, wakakaa Kibera ukingoni mwa Nairobi, na pia Kibos na Kibigori, vituo vya reli vilivyo chini ya milima ya Nandi na Kericho. Jina waragi linalotumika Uganda huaminika kuwa na asili moja na neno la Kiarabu araki, ingawa wapo wanaolihusisha na maneno ya askari wa Kiingereza. Kinywaji hicho hicho, au ndugu yake wa karibu, kikaitwa gongo Tanganyika, piwa katika pwani inayogema mnazi, na chang'aa magharibi mwa Kenya, jina lililoshinda mengine yote katika mashamba ya chai.

Mashamba hayo nayo yalizaliwa na kushindwa kwa mradi mwingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya koloni ilitenga ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, wapande kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa baada ya miaka michache, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia, zikapanda chai. Vibarua walitoka kwa Wakipsigis wenyewe, na kwa wingi zaidi walitoka Nyanza na nchi ya Waluhya, wakawekwa katika kambi, wakapewa posho ya unga wa mahindi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kambi hizo zilikuwa na mahindi mengi, watu wengi waliokaa mbali na wazee wao, na fedha taslimu iliyofika kwa siku inayojulikana, na mtu akitafuta hali tatu zinazomfaa muuza pombe kali hatapata nyingine bora kuliko hizo. Chang'aa haikuwa nzito kama maiyek: chupa moja ilibeba nguvu ya chungu kizima, ilikaa miezi bila kuharibika, na ilifichika chini ya kikapu cha mchumaji. Mzee wa rika hakuhitajika tena ili mtu anywe.

Njia ya kuitengeneza inastahili kuelezwa kwa undani, kwa kuwa ni kiwanda kamili kisicho na kuta. Unga wa mahindi huloweshwa uchachuke, hukaangwa juu ya bati, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi na maji. Au, tangu sukari ilipopatikana kwa urahisi, huongezwa sukari guru, yaani sukari ya miwa isiyosafishwa ambayo hupikwa katika vinu vidogo vya maeneo ya chini, au molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kuganda. Mchanganyiko huo ukishachacha huitwa kangara. Kangara hutiwa katika pipa la chuma juu ya moto, chombo kidogo huning'inizwa ndani juu ya uso wake, na mdomo wa pipa hufunikwa kwa sufuria yenye maji baridi, kingo zikazibwa kwa udongo au unga. Mvuke hupanda, hugusa kitako cha sufuria, hupoa na kudondoka katika chombo cha ndani. Maji ya juu hubadilishwa kila yanapopata moto, na ndiyo sababu mitambo hii hukaa kando ya mito, kama Kipsonoi na Itare, au vijito vinavyoshuka kutoka msitu wa Mau, ambavyo baridi yake ni mtaji usiolipiwa. Ethanoli, kileo kinachotafutwa, huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi usawa wa bahari. Mjini Kericho, palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yenyewe huchemka karibu na nyuzi 93, na kileo huanza kupanda mapema zaidi, kwa hiyo mpikaji hulazimika kuuchunga moto wake, ambao ukizidi huleta maji mengi ndani ya chombo. Kipimo chake si cha kioo: matone machache huwashwa kiberiti, na mwali wa buluu ukikubali, mzigo huo huuzwa.

Istilahi za nchi hii zina mzaha wake, kwa sababu viwanda vya chai navyo husema majani yaliyosagwa yanachacha yanapoachwa yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, ingawa ndani yake hamna hamira wala kileo na kazi yote hufanywa na vimeng'enya vya majani yenyewe pamoja na oksijeni ya hewa. Kiwanda kimoja kiliitwa maendeleo, kingine kikaitwa uhalifu, na vyote viwili vilitegemea moto, maji ya Mau na mikono ya watu wale wale.

Upande wa Bomet uadui kwa pombe ulipata chimbuko jingine. Misheni ya Tenwek, iliyoanzishwa na Wamarekani katika miaka ya 1930 na ambayo hospitali yake inajulikana nchini kote, pamoja na kanisa la Africa Gospel lililotokana nayo, zilidai muumini aache kileo chochote, hata maiyek ya sherehe, na kwa hiyo chungu cha wazee kilipoteza heshima yake kwa Wakristo kabla pipa la chang'aa halijapata wateja wote. Wakulima wadogo walipojiunga na chai, hasa baada ya mamlaka ya kuendeleza chai ya Kenya (KTDA) kuundwa mwaka 1964, malipo ya ziada yaitwayo bonasi, ambayo wakulima wa viwanda kama Litein na Kapkoros huyapata karibu na mwezi wa Oktoba, yakawa msimu wa mavuno kwa wapikaji pia.

Mtambo halali wa kukeneka hatimaye ulijengwa, lakini chini ya mlima. Huko Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food iliundwa mwaka 1978 ili kugeuza molasi ya viwanda vya sukari kuwa ethanoli na hamira, na katika miaka ya 1980 ethanoli hiyo ilichanganywa na petroli ya magari. Ni malighafi ile ile ya ramu ya Jamaika, ikamiminwa katika tangi la gari. Mwaka 1980, wakati kazi hiyo ikianza kuiva, Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya kuharamisha chang'aa. Uganda ilikuwa imechukua njia tofauti mwaka 1965, ilipowataka wapikaji wa vijijini wauze enguli yao, yaani kileo chao cha kukenekwa, kwa kiwanda chenye leseni, nako ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya chupa.

Marufuku ya Kenya haikuzima moto wa mitoni. Iliongeza hongo na haraka, na haraka ikazaa sumu. Kangara safi hutoa methanoli kidogo sana, na vifo vya halaiki, kama vile vya Novemba 2000 katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, ambavyo vilizidi 100, vilitokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa kinywaji kipate ukali. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge John Mututho, ilifuta marufuku ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kufikia viwango, ikiwa katika chupa isiyopungua mililita 250. Katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Mpikaji wa kando ya mto, asiye na hati ya shamba wala fedha za maabara, hakuwa na namna ya kuingia kwa mlango huo, na msako ukaendelea chini ya sheria mpya kama ulivyokuwa chini ya ile ya zamani.

Kwa hiyo mgeni wa Kericho huweza kuzungushwa katika kiwanda cha chai aone majani yakinyauka na kukaushwa. Pipa, sufuria na chombo cha ndani huonekana vimepangwa, vimepewa namba na kuelezwa kimoja kimoja mahali pamoja tu, yaani mezani mahakamani, ambako huitwa vielelezo, na kesi ikiisha huharibiwa kwa amri ya hakimu.