Hongo za Njia ya Tabora na Ndoto ya Shirikisho

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili tulitazame neno moja dogo: hongo. Leo mtu akilitamka, kila mmoja wetu anaelewa kuwa panazungumzwa rushwa. Lakini katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, hongo haikuwa jambo la kufichwa. Ilikuwa ndiyo ada ya kupita. Mtemi alidai, kiongozi wa msafara akatoa vitambaa, shanga au nyaya za shaba, na wapagazi wakainua mizigo yao wakaendelea na safari.

Ubaya wake ni kwamba kiwango hakikuandikwa popote. Kilitegemea ukubwa wa msafara, haraka ya wasafiri na wingi wa bunduki zao. Aliyelipa kwa mtemi huyu alilipa tena kwa jirani yake. Ugogo ndiko kulikovuma zaidi kwa hongo, kwa sababu maji yalikuwa haba na msafara haukuwa na pa kukwepea.

Tabora ilikuwa njia panda ya biashara hiyo. Burton na Speke walipofika hapo mwaka 1857 walikuta Waarabu wamekwisha kujenga nyumba zao na kulima bustani, karibu na makao ya mtemi wa Unyanyembe. Sultani wa Unguja alikuwa na mwakilishi wake. Wahenga walisema zumari ikipigwa Unguja, hucheza walio maziwa makuu. Kwa upande wa biashara, hilo lilikuwa kweli. Lakini mwakilishi huyo hakuwa na sheria iliyomfunga mtemi wa Ugogo au wa Uvinza. Zumari ilisikika, amri haikufika.

Ndipo akatokea Mirambo. Kutoka utemi mdogo wa Uyowa aliunganisha tawala ndogondogo za Wanyamwezi, akajenga makao yake Urambo na kuwa na jeshi la rugaruga. Mwaka 1871 vita vyake na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini. Mirambo alionyesha kuwa Waafrika wa bara waliweza kuunda dola kubwa iliyotisha wenye bunduki wa pwani. Lakini dola hiyo ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Alipofariki mwaka 1884, haikuchukua muda ikasambaratika. Tulikumbuke jambo hilo, kwa maana tutalikuta tena mbele ya safari.

Wakaja wakoloni. Mwaka 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa na Wajerumani. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na kazi ya mpagazi ikaishia hapo. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakaiweka Tanganyika pamoja na Kenya na Uganda katika sarafu moja, forodha moja na mahakama moja ya rufani. Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na reli ya Tabora ikawa chini ya shirika moja na reli ya Mombasa. Sheria za pamoja zilikuwapo, ila mwananchi hakuulizwa.

Viongozi wetu wa uhuru walitaka kuugeuza umoja huo wa mabwana uwe umoja wa wananchi. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na baadaye kufundisha Tabora, alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili nchi hizi zipate uhuru zikiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Mzee Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi kwamba shirikisho litaundwa mwaka huohuo. Halikuundwa. Kila nchi ilikwisha kuonja utamu wa bendera yake, na Uganda ilisita kukabidhi mambo kama ya nje na uraia. Umoja uliofanikiwa ulikuwa wa nchi mbili tu, Tanganyika na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964. Muungano huo ulianza kwa orodha ya mambo 11 ya pamoja. Orodha hiyo imekua hadi 22, na mabishano juu yake hayajaisha hata leo.

Kwa nchi tatu ilibaki Jumuiya, iliyotiwa saini Kampala mwaka 1967. Ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Lakini maamuzi makubwa yalikuwa mikononi mwa marais watatu. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye meza moja. Marais wakaacha kukutana, na chombo cha juu kikafa ganzi. Kukawa na ugomvi pia juu ya fedha na nani anafaidi zaidi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983.

Mji wa reli kama Tabora uliuonja uchungu huo. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi, na shirika jipya la reli la Tanzania lilianza na upungufu. Wafanyakazi waliotumikia Jumuiya maisha yao yote walidai mafao yao kwa miaka mingi, hadi mahakamani. Umoja ukivunjika, anayeumia si aliyeutia saini.

Sasa tuna Jumuiya nyingine. Mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na wanachama wamefika 8 baada ya Somalia kujiunga. Mkataba unasema kuwa sheria za Jumuiya, katika mambo yanayoihusu, ziko juu ya sheria za nchi zinazofanana nazo. Kuna Bunge na kuna Mahakama. Tangu 2005 tuna umoja wa forodha, tangu 2010 soko la pamoja. Ardhi imeachwa kwa sheria za kila nchi, jambo ambalo Watanzania walilisimamia kwa nguvu. Shirikisho la kisiasa ndilo shabaha ya mwisho, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kuanza na hatua nyepesi zaidi.

Je, sheria hizo zinamfunga aliyezitunga? Hapo ndipo penye mtihani. Novemba 2006 Mahakama ya Arusha ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa, kwa hoja kwamba hawakuchaguliwa kama Mkataba unavyotaka. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi waliubadili Mkataba, wakaigusa Mahakama yenyewe na masharti ya kuwaondoa majaji. Mwaka 2008 Mahakama ikasema kwamba kuubadili bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka Mkataba, ingawa mabadiliko yakabaki. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikalegeza. Kila upande ulikuwa na sababu zake, za afya au za utaratibu. Lakini mfanyabiashara wa Nzega au Kigoma hawezi kupanga biashara yake kwa kubahatisha hasira za serikali mbili.

Ndugu msikilizaji, njia ya Tabora imepita katika mikono mingi. Watemi waliitoza kila mmoja kwa kipimo chake. Mirambo aliiunganisha kwa nguvu, ikafa naye. Marais watatu waliiunganisha kwa urafiki, ikafa na urafiki wao. Shirikisho la kweli litapatikana siku ambayo rais atashindwa kesi Arusha, arudi nyumbani akatekeleze hukumu badala ya kubadili mkataba. Kabla ya hapo, tusiharakishe bendera na wimbo. Tuanze na ada iliyoandikwa, inayojulikana kwa dereva wa lori na kwa askari wa kizuizi vilevile. Ada isiyoandikwa babu zetu waliiita hongo, na sisi tunajua neno hilo limekuja kuwa na maana gani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.