Ala ya Kisu, Kinga ya Grinda

Waturkana, ambao ndio wengi Ngaremara, kaskazini mwa mji wa Isiolo, wana kisu cha duara kiitwacho abarait. Huvaliwa mkononi kama bangili, makali yakitazama nje, na mvaaji hukata nyama au ngozi bila kuiweka chini fimbo yake. Makali hayo hayaachwi wazi. Ala ya ngozi huyazunguka pande zote, na huvuliwa wakati wa kukata tu. Inafaa kuanzia hapa, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba usalama kazini ni desturi ya kigeni ambayo fundi wa jua kali wa kaskazini bado hajaielewa. Watu waliofunika makali ya duara tangu zamani, kabla hawajaona nguzo ya umeme, hawahitaji kufundishwa kwamba makali hufunikwa. Cha kuuliza ni kwa nini grinda iliwafikia bila ala yake.

Jibu limo katika historia ya serikali na barabara. Drili ya umeme ya kushikwa mkononi ilitengenezwa na kampuni ya Fein huko Stuttgart mwaka 1895, na grinda ya pembe ilitoka Ujerumani hiyohiyo mwaka 1954. Huko iliingia katika karakana zilizokwisha kuwa na wakaguzi, nyaya zilizopimwa na wanagenzi waliofundishwa kwa miaka. Kenya nayo ilikuwa na umeme Mombasa na Nairobi tangu 1908, na sheria ya viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, lakini mkaguzi alifuata viwanda, na viwanda havikuwa Isiolo. Wakoloni waliifanya kaskazini eneo la kufungwa, lisiloingiwa bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na tija ya haraka, yaani yenye mvua na reli. Lami ya kwenda Moyale imepita Ngaremara katika karne hii tu. Mashine husafiri kwa lori hadi dukani, lakini ukaguzi na mafunzo havipakiwi kwenye lori. Sheria iliyotamka wazi kwamba inahusu kila mahali pa kazi, kibanda cha mabati kikiwemo, ilipitishwa mwaka 2007.

Wapo watakaosema: kinga huja na grinda ndani ya boksi, na fundi mwenyewe ndiye huing'oa, basi huo si uzembe? Tutazame kinachofanyika. Grinda ndogo hutumia diski ya milimita 115 na huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ukingo wa diski unakimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Fundi akipata kazi ya chuma kinene, na grinda kubwa hana, huondoa kinga ili diski ya milimita 230 ienee. Inaingia vizuri, kwa kuwa tundu la katikati ni lilelile. Ila sasa ukingo unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati diski za kawaida za kukatia zimeundwa zisipite mita 80. Ikipasuka, vipande havina cha kuvizuia. Fundi huyo amebana matumizi kama kila mwenye mtaji mdogo. Hesabu ya mwendo ndiyo hakuwahi kupewa, nayo haionekani kwa macho kama makali ya kisu yanavyoonekana.

Umeme wenyewe hauonekani pia, na hapo ndipo hoja ya gharama husikika zaidi. Nyaya tupu huchomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, waya wa ethi ukiachwa nje, eti plagi ni pesa. Plagi ni bei ndogo mno ukilinganisha na umeme wa volti 240 unaopita mwilini. Hata penye ethi, udongo mkavu wa nyika haupitishi umeme vizuri, hivyo hitilafu inaweza isikate fyuzi. Kinachofaa nchi kame ni kikatio kinachohisi umeme unaovuja, kile kilichobuniwa na Charles Dalziel huko California mwaka 1961; vikatio vya kulinda watu hukata kwenye miliampia 30 au chini yake. Hicho si rahisi kwa fundi mmoja mmoja, nakubali. Lakini kimoja kikifungwa kwenye bodi ya umeme hulinda soketi zote za banda, na mabanda ya jua kali mara nyingi hujengwa kwa fedha za umma. Gharama hiyo ni ya kaunti, iandikwe kwenye zabuni pamoja na mabati na saruji.