Mgawaji alipokutwa na ndugu zake mstarini: historia ya baraza la wachezaji wa EVE Online

Leo tunaacha kidogo vita vya kweli, tuongee juu ya vita vya mchezo. Msicheke mapema. Yaliyotokea huko anayajua kila aliyesimama kwenye mstari wa msaada akagundua kwamba anayegawa ana ndugu zake mstarini.

Mchezo unaitwa EVE Online. Ulifunguliwa Mei 2003 na kampuni CCP ya mjini Reykjavik, nchini Aislandi. Maelfu ya watu hukutana kwa intaneti katika anga moja: wanachimba madini, wanaunda meli, wanauziana, wanapigana. Peke yako huendi mbali, kwa hiyo wachezaji hujiunga katika makundi, na makundi yanafanya miungano yenye wakubwa, hazina, wapelelezi na mipaka. Kampuni haikuwapanga, walijipanga wenyewe.

Mwaka 2007 muungano wenye nguvu ulikuwa Band of Brothers, na adui wake mkubwa Goonswarm. Februari mwaka huo mchezaji mmoja alifichua siri: mfanyakazi wa CCP, aliyejulikana mchezoni kwa jina la t20, alikuwa upande wa Band of Brothers, na alijipatia michoro adimu ya kuundia meli. Wengine waliitafuta michoro hiyo kwa bahati nasibu. Mwenye nayo aliunda meli kwa gharama ndogo, akauza kwa faida. t20 alikiri.

Mfanyakazi kucheza mchezo anaoutengeneza si kosa. Asipocheza, atajuaje panapouma? Ubaya ni kwamba aliyeshika ghala alikuwa pia askari wa upande mmoja, kwa siri. Toka siku hiyo, kila Band of Brothers iliposhinda, watu waliuliza: wameshinda au wamesaidiwa? Hata wapiganaji wao waliokuwa safi walichafuliwa.

CCP iliunda kitengo cha kuchunguza wafanyakazi wake. Mwaka 2008 ikaongeza jambo lisilo la kawaida: baraza la wachezaji 9 waliochaguliwa kwa kura, ambao walisafirishwa hadi Reykjavik kukaa na watengenezaji na kuwahoji uso kwa uso.

Mwaka 2009 mkubwa mmoja wa Band of Brothers alihamia kwa adui na kuuvunja muungano kutoka ndani. Kampuni haikuurudisha. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe.

Mtihani mwingine ulikuja Juni 2011. CCP ilianza kuuza mapambo ya wahusika, likiwemo lenzi la jicho moja la dola 60 hivi. Wachezaji waliogopa kwamba kesho zitauzwa silaha, na mwenye pesa atamshinda mwenye ujuzi. Waliandamana ndani ya mchezo, wakipiga risasi mnara. Kampuni iliita baraza haraka Reykjavik, na wakatoka na tamko kwamba silaha hazitauzwa.

Lakini kura nazo zina wenyewe. Muungano mkubwa huwaambia watu wake wampigie nani, na viti vingi vinakwenda huko. Mchezaji asiye na kundi anabaki bila msemaji. Tangu 2013 mpiga kura hupanga wagombea kwa mfuatano, ili kura isiyomfaa wa kwanza imfikie wa pili. Hiyo imesaidia wadogo kiasi, ila wakubwa bado wanapanga orodha zao. Tena baraza hushauri tu. CCP ikikataa, imekataa.