Marekani: Siku 45 zinazoamua hatima ya malalamiko ya ubaguzi ya watumishi wa serikali

Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani anayeamini kwamba amebaguliwa kazini ana siku 45 tu za kuchukua hatua ya kwanza. Siku hizo zikipita bila sababu inayokubalika kisheria, malalamiko yake yanaweza kutupwa kabla ya ushahidi wake kusikilizwa.

Muda huo ni mfupi kuliko ule wa wafanyakazi wa sekta binafsi nchini humo. Mfanyakazi wa kampuni hupewa siku 180 kufikisha malalamiko yake kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira, EEOC, na siku 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi kazini, haikuihesabu serikali kuu kuwa mwajiri anayebanwa nayo. Ni mwaka 1972 ambapo Bunge liliirekebisha sheria hiyo ili iwalinde pia watumishi wa umma. Leo wanalindwa dhidi ya ubaguzi wa rangi, dini, jinsia, ulemavu, umri wa kuanzia miaka 40, na asili ya taifa, ambapo kubaguliwa kwa sababu ya lafudhi kunaweza kuhesabiwa. Wanalindwa pia dhidi ya kulipiziwa kisasi kwa kulalamika.

Ngazi za malalamiko

Kila ngazi ina muda wake, na kwa kawaida mtumishi hawezi kuziruka ngazi za mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kuwasiliana na mshauri wa masuala ya usawa katika idara anakofanya kazi, ndani ya siku 45 tangu tukio litokee. Ikiwa ni uamuzi wa kiutumishi, kama vile kufukuzwa au kushushwa cheo, siku huhesabiwa tangu uamuzi huo uanze kutekelezwa. Mshauri ana siku 30 za kutafuta suluhu, na muda huo unaweza kufika siku 90 iwapo mtumishi ataridhia.

Suluhu isipopatikana, mtumishi hupewa taarifa ya maandishi, naye ana siku 15 tangu kuipokea za kuwasilisha malalamiko rasmi. Kisha idara ina siku 180 za kuyachunguza, muda unaoweza kuongezwa katika mazingira fulani. Baada ya kupokea jalada la uchunguzi, mtumishi ana siku 30 za kuchagua: kesi yake isikilizwe na jaji wa EEOC, au idara yenyewe itoe uamuzi.

Asiporidhika na uamuzi wa mwisho wa idara, ana siku 30 za kukata rufaa EEOC, au siku 90 za kufungua kesi katika mahakama ya wilaya ya shirikisho. Anaweza pia kwenda mahakamani iwapo siku 180 zimepita tangu alipowasilisha malalamiko rasmi bila uamuzi kutolewa.

Mizani haiko sawa kwa pande zote mbili. Idara ikichelewa, mtumishi hufunguliwa njia ya mahakama, lakini hapati ushindi kwa sababu hiyo pekee. Mtumishi akichelewa, huweza kupoteza haki yote ya kusikilizwa.

Siku huanza kuhesabiwa lini?

Mara nyingi mabishano hayahusu idadi ya siku, bali siku ya kuanzia. Mfano unaojulikana ni wa Marvin Green, mkuu wa ofisi ya posta huko Englewood, Colorado, aliyelitumikia Shirika la Posta kwa takriban miaka 35. Green, ambaye ni Mmarekani mweusi, alilalamika kwamba alinyimwa cheo kwa sababu ya rangi yake. Baadaye alituhumiwa kuchelewesha barua kwa makusudi, kosa ambalo ni la jinai.

Tarehe 16 Desemba 2009 alitia saini makubaliano yaliyomwachia njia mbili: kustaafu, au kuhamia jimbo la Wyoming kwa mshahara mdogo zaidi. Aliwasilisha barua ya kustaafu tarehe 9 Februari 2010, na tarehe 22 Machi akamwona mshauri. Kati ya barua na siku hiyo zilikuwa zimepita siku 41. Kati ya makubaliano na siku hiyo, siku 96. Mahakama ya rufaa ilihesabu kuanzia makubaliano, ikasema amechelewa.

Mei 2016 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Ilisema kwamba anayedai kulazimishwa kuacha kazi huhesabiwa siku zake tangu alipotoa taarifa ya kuacha. Hata hivyo, iliirudishia mahakama ya chini swali la tarehe hasa ambayo Green alitoa taarifa hiyo.

Barua iliyofika kwa wakili

Kesi ya Shirley Irwin, aliyefukuzwa na mamlaka ya maveterani mwaka 1986, iliishia pabaya zaidi kwake. Wakati huo muda wa kwenda mahakamani ulikuwa siku 30. Barua ya EEOC iliyokataa rufaa yake ilifika ofisini kwa wakili wake tarehe 23 Machi 1987, wakili akiwa nje ya nchi. Irwin alisema yeye aliipata tarehe 7 Aprili. Alifungua kesi siku 29 baada ya hapo, ambazo ni siku 44 tangu barua ifike kwa wakili.

Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliamua kwamba barua iliyofika kwa wakili imemfikia mteja. Ilikubali kwamba muda dhidi ya serikali unaweza kusimamishwa kwa misingi ya haki, lakini si kwa uzembe wa kawaida. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza siku hizo kutoka 30 hadi 90.

Wanaoongezewa muda na wasiohusika

Siku 45 za mwanzo huongezwa iwapo mtumishi atathibitisha kwamba hakuarifiwa kuhusu ukomo huo wala hakuufahamu, kwamba hakujua na hakutarajiwa kujua kuwa amebaguliwa, au kwamba alizuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Siku zinazohesabiwa ni za kalenda, kuanzia kesho yake ya tukio. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya shirikisho, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Utaratibu huu hauwahusu raia wa kigeni wanaofanya kazi nje ya Marekani, wakiwamo wenyeji walioajiriwa katika balozi zake. Lakini Mwafrika Mashariki aliyehamia huko na kuajiriwa posta au katika hospitali ya maveterani analindwa kama mwenzake mzaliwa wa nchi hiyo.

Kwa kuwa muda mwingi huhesabiwa tangu kupokea barua, bahasha yenye muhuri wa posta na tarehe ya kupokelewa ni ushahidi wa kuhifadhiwa sawa na barua yenyewe.