Msajili wa Majumba na wapangaji wake

Aprili 1971 wenye majumba wengi wa Dar es Salaam waligeuka wapangaji bila kuhama hata chumba kimoja. Sheria mpya ya utwaaji wa majengo ilisema jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe amelipangisha sasa ni mali ya Serikali. Lililozidi umri wa miaka kumi halikuwa na fidia. Nchi nzima yalichukuliwa majengo karibu 3,000, mengi mno ya Watanzania wenye asili ya Asia. Jijini Dar es Salaam, wapangaji wengi wa Upanga, Kisutu na Uhindini wakapata mwenye nyumba mmoja, Msajili wa Majumba, ofisi ya Serikali iliyokabidhiwa majengo hayo.

Baada ya Azimio la Arusha, mtu anayeishi kwa kodi za wenzake alihesabiwa mnyonyaji, kwa hiyo hatua hiyo iliendana na siasa ya wakati ule. Ila fagio lile halikuchagua. Familia iliyolala ghorofani na kupangisha duka la chini nayo ilikumbwa. Wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada.

Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilikuwapo tangu 1962, lakini lenyewe lilianza kwa kubomoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba bora mahali pake. Msajili hakuanza kwa kujenga. Alirithi, akakusanya kodi. Mwaka 1990 ofisi yake ilivunjwa na majumba yakakabidhiwa NHC, ingawa wazee wa mjini hadi leo watakuambia wanakaa "nyumba ya Msajili".

Kodi hizo zilikuwa ndogo, na kuzipandisha ilikuwa siasa. Saruji ikapanda, kodi ikasimama. Bomba la maji machafu likipasuka ghorofa ya tatu, ukuta wa ghorofa ya pili unalowa, wa ghorofa ya kwanza unaota ukungu, na wapangaji wanachangishana wamwite fundi. Huduma ya mwenye nyumba iliishia kwenye stakabadhi.

Hapo ndipo kilemba kilipostawi. Mwenye mkataba wa duka katikati ya mji alimwachia mwingine funguo kwa donge nono, au alibaki na jina lake kwenye karatasi na kumpangisha mtu wa tatu kwa kodi ya soko. Shirika likapokea kiduchu, yeye akala tofauti. Kwa maoni yangu hiki ndicho kichekesho kikubwa cha mwaka 1971: Serikali iliwaondoa wenye nyumba, na kwa kodi yake ya chini ikawazalisha wengine ambao kwenye vitabu vyake waliandikwa wapangaji.

Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa, na shirika likaanza kutoza na kujenga kibiashara. Sheria ya 2008 ikaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, ghorofa zikauzwa moja moja. Kwenye viwanja vya zamani vya Msajili ukaja ubia: NHC inatoa ardhi, mwekezaji analeta fedha, ghorofa mbili zinakuwa kumi na kitu. Mmoja wa miradi hiyo, jengo la ghorofa 16 pale Mtaa wa Indira Gandhi, uliporomoka Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, ukaua watu 36.

Ubia haukukoma, sera mpya ilizinduliwa 2022, na Kariakoo inabomolewa na kujengwa. Shirika likitoa notisi, anayeitwa mezani ni mwenye jina kwenye mkataba. Aliyemlipa kilemba anatoa mizigo nje.